Karatasi Mbili, Ndoano Ndogo: Kuvua Samaki wa Maji Baridi Uingereza

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza, yakaandikwa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, kaka, dada, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma, habari za jioni.

Tumeitwa kuzungumzia uvuvi wa fimbo kwenye mito, mifereji na mabwawa ya hapa. Tuanze na kilio kinachosikika kila mtu anapokutwa ukingoni na mkaguzi: "Lakini leseni si ninayo?" Anayo kweli, kailipia, imo kwenye simu. Na bado yumo makosani, kwa sababu uvuvi wa hapa unataka karatasi mbili naye ana moja. Ya kwanza hutoka serikalini, nayo inakuruhusu kuvua kwa fimbo. Ya pili hutoka kwa mwenye maji, nayo inakuruhusu kuvua pale ulipoketi. Leseni ya udereva haikupi ruhusa ya kuchukua gari la jirani, na hii nayo haikupi maji ya mtu.

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo kijana akipata mshipi na ndoano anashuka zake ziwani, iwe Tanganyika, iwe Victoria, iwe ufukweni Tanga, na hakuna anayemwuliza bwawa ni la nani. Hapa karibu kila kidimbwi na kila kipande cha ukingo wa mto kina mwenyewe: mkulima, halmashauri, au klabu iliyokodi haki ya kuvua. Kutokuona uzio si dalili kwamba maji hayana mwenyewe. Na kuvua kwenye maji ya mtu bila ruhusa kumeandikwa ndani ya Sheria ya Wizi ya mwaka 1968. Jina la sheria yenyewe linatosha kuwaeleza uzito wake.

Samaki tunaowazungumzia ni wale wa maji baridi wasio wa jamii ya samoni na trauti. Kuna rochi, mdogo, magamba ya fedha, jicho jekundu. Kuna pachi mwenye milia myeusi na mwiba mgongoni, brimu aliye bapa kama sahani, tenchi wa kijani mwenye utelezi, karpu anayeweza kupita kilo 10, na paiki mwenye meno. Zamani samoni na trauti walikuwa samaki wa mabwana wenye mashamba. Hawa wengine walikuwa wa watu wa viwandani, waliopanda treni Jumapili na fimbo zao kutoka Sheffield, Leeds na Birmingham. Sheria ya kwanza ya kuwapumzisha samaki hawa wakati wa kuzaa ilipita mwaka 1878, ikipelekwa bungeni na Mundella, mbunge wa Sheffield. Klabu mnazoziona leo zimezaliwa na watu wa namna hiyo, wafanyakazi waliochanga senti zao wakakodi maji. Ndiyo maana ada zake mpaka leo mtu wa kipato cha kawaida anazimudu.

Sasa karatasi ya kwanza. Kila mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea lazima awe na leseni ya fimbo ya Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira, na leseni hiyo moja inafaa England na Wales. Kuanzia miaka 13 hadi 16 ni bure, lakini bure haimaanishi haihitajiki: mtoto aombewe, iandikwe kwa jina lake. Mtu mzima hulipa pauni thelathini na kitu kwa mwaka kwa aina ya samaki tuliowataja, na zipo za siku 1 na za siku 8 kwa anayetaka kujaribu tu. Wazee na wenye ulemavu hupata punguzo. Mwaka unahesabiwa tangu siku uliyonunua, kwa hiyo usiogope kununua katikati ya msimu. Nunueni kwenye tovuti ya serikali yenyewe, GOV.UK, kwa sababu wapo madalali wa mtandaoni wanaouza kitu kilekile kwa bei ya juu. Ukikutwa bila leseni, faini inaweza kufika pauni 2,500. Maafisa wa Environment Agency wana mamlaka ya kipolisi katika jambo hili. Akikuuliza jina na anwani, mpe.

Leseni ya kawaida inakupa fimbo 2. Ukizitega zote, umbali kati ya mashina yake usizidi mita 3, na usiache fimbo yenye chambo majini ukaenda kununua chai. Hilo ni kosa kisheria hata kama umeondoka dakika mbili. Na mzazi anayemrushia mtoto mshipi au kumvutia samaki, huyo naye anavua, basi akate leseni yake.

Scotland haina leseni hii ya serikali kwa samaki wetu, ila ruhusa ya mwenye maji inatakiwa vilevile. Ireland Kaskazini ina utaratibu wake.

Halafu kuna tarehe. Kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, siku zote mbili zikiwemo, mito ya England na Wales imefungwa kwa samaki hawa. Ni wakati wa kutaga mayai. Tarehe 16 Juni ndiyo sikukuu ya wavuvi; kuna wanaokesha ukingoni wakisubiri saa sita ya usiku ipite. Mabwawa mengi na mifereji mingi hayafungwi, isipokuwa yale yaliyotengwa kwa uhifadhi wa viumbe. Hapo ndipo watu hujikwaa, kwa sababu mfereji na mto huingiliana. Leicester, kwa mfano, sehemu kubwa ya maji mnayoyaita mfereji wa Grand Union ni mto Soar uliofanywa njia ya mashua. Kati ya Reading na Newbury mto Kennet na mfereji wa Kennet na Avon wanaachana na kukutana mara kwa mara. Unaweza kuvua kihalali asubuhi, ukasogea mita mia moja ukawa mvunja sheria. Kitabu cha klabu kitakuonyesha mpaka uko daraja gani. Kama huna kitabu, usivue hapo mpaka Juni.

Karatasi ya pili ina sura nyingi. Tikiti ya siku ndiyo rahisi zaidi: mabwawa ya biashara huuza langoni, au mlinzi hupita ukingoni akikusanya. Lakini soma kibao kwanza, maana sehemu nyingine tikiti inunuliwe kabla hujatupa mshipi, na ukingojea mlinzi aje umeshakosea. Kwenye mifereji, Canal & River Trust inauza kibali kiitwacho Waterway Wanderers kinachofungua vipande vingi visivyokodiwa na klabu. Kwa mtu asiye na gari anayeishi karibu na mfereji, hicho kinafaa sana.

Lakini ushauri wetu kwa mtu aliyekusudia kweli ni kadi ya klabu ya mtaani. Nenda duka la vifaa vya uvuvi lililo karibu, uliza klabu gani inashika maji ya hapa. Mara nyingi kadi zinauzwa palepale kaunta, pamoja na funza. Ada zinatofautiana, nyingi za mtaani ni makumi ya pauni kwa mwaka mzima. Uliza mambo manne kabla hujatoa hela: mwaka wa klabu unaanza lini (ukijiunga mwezi wa mwisho umelipia wiki chache tu), mtoto anaingia kwenye kadi ya mzazi au la, kuvua usiku kunaruhusiwa, na lango linafunguliwa kwa ufunguo au namba. Namba hiyo ni siri ya wanachama. Ukiigawa kwa rafiki umemwibia mwenzako aliyelipa, na klabu nyingi zinafuta uanachama kwa hilo.

Kitabu cha kanuni someni chote, hata kama Kiingereza kinachosha. Humo utakuta ndoano za mwiba, yaani zenye kijino cha kuzuia zisichomoke, zimekatazwa, wavu wa kuhifadhia samaki umekatazwa au una msimu wake, karanga haziruhusiwi kuwa chambo, kila mvuvi awe na mkeka wa kumlazia samaki. Langoni utakuta pipa la dawa. Wavu wako wote uchovywe humo kabla ya kuingia, kwa sababu ugonjwa wa virusi wa karpu, ule unaoitwa KHV, unaweza kuua bwawa zima, na wavu mbichi ni mojawapo ya njia zake za kusafiria. Ukirudi nyumbani kagua vifaa, safisha, kausha kabisa juani. Angling Trust nayo, chama cha kitaifa cha wavuvi wa fimbo, huandaa siku za kujifunza ambapo fimbo, chambo na mwalimu vipo tayari. Mpelekeni mtoto huko kabla ya kumnunulia chochote.

Tuje kwenye vifaa, maana hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanatukosesha samaki. Aliyezoea mshipi wa kuvulia changu, au ndoano ya sangara, akifika kwenye bwawa la hapa anaweka mshipi mnene, chubwi ya kuzamisha jahazi na ndoano ya kuning'iniza koti. Anakaa kutwa. Pembeni yake mzee wa Kiingereza anatoa rochi mmoja baada ya mwingine. Siri ya yule mzee ni wembamba wa vifaa vyake. Maji ya hapa ni baridi, samaki anakula polepole, na samaki wa klabu amekwisha kunaswa na kuachiwa mara nyingi. Anajua uzito usio wa kawaida mdomoni.

Fimbo ya kuanzia iwe ya boya, urefu wa futi 12 au 13, yaani karibu mita 4. Urefu huo unakusaidia kuinua mshipi kutoka majini kwa mpigo mmoja. Rili ndogo ya saizi 2500 au 3000 inatosha. Mshipi mkuu uwe wa nguvu ya ratili 4. Mwisho wake unafungwa kipande chembamba zaidi, sentimita 40 hivi, cha ratili 2 na nusu au 3, chenye ndoano. Kwa nini chembamba? Ili ukinasa kwenye mti ukavuta, kikatike hicho tu, boya na chubwi zirudi, na kama samaki ndiye aliyekata asibaki anaburuta mita tano za mshipi mpaka ajifunge kwenye matete afe. Kama bwawa lina karpu wa kilo 2 na zaidi, pandisha mshipi mkuu hadi ratili 6 na kipande hadi 5.

Namba za ndoano zinakwenda kinyume: kubwa ni 6, ndogo ni 20. Kwa funza mmoja tumia 18, funza wawili 16, punje ya mahindi ya kopo 14, kipande cha mkate 12. Zote zisiwe na mwiba.

Boya la kuanzia ni lile refu linalofungwa upande wa chini tu. Limeandikwa uzito wake, tuseme 3AAA. Chubwi ndogo za AAA zina gramu 0.8 kila moja, kwa hiyo boya hilo linataka gramu 2.4 lisimame vizuri. Usiziweke zote chini. Bana AAA moja upande mmoja wa boya na nyingine upande wa pili, na BB moja ya gramu 0.4 kando yao: hapo una gramu 2, na boya limefungwa mahali pake. Zilizobaki zigawe kwenye mshipi: chubwi ndogo zaidi mbili za namba 6 karibu na katikati, halafu tatu za namba 8, ndogo kuliko hizo, zikiachana kuelekea ndoano, ya mwisho sentimita 20 juu yake. Namna hiyo chambo kinashuka taratibu kama funza aliyeanguka mwenyewe. Chubwi za risasi zenye uzito kati ya gramu 0.06 na 28.35 zimepigwa marufuku tangu 1987, kwa sababu bata maji walikuwa wanazimeza na kufa. Za madukani leo ni za madini mengine. Lile kopo la zamani ulilopewa na mtu, liache nyumbani.

Fundo lilowesheni kwa mate kabla ya kulikaza. Mshipi wa nailoni ukikazwa mkavu huungua, na huoni mpaka samaki mkubwa aje. Mshipi ukikatika, tazama ncha. Ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo limefunguka. Ikiwa imekatika wima, mshipi umechubuka mahali, basi ng'oa mita kadhaa utupe kwenye mfuko wako wa taka. Breki ya rili nayo ijaribiwe kwa mkono: ukivuta kwa nguvu, rili iachie mshipi kabla haujakatika.

Kupima kina ndiyo kazi wanayoiruka wengi, na ndiyo inayoleta samaki. Ning'iniza chubwi ya kupimia kwenye ndoano, tupa pale utakapovua. Boya likizama lote, kina ni kirefu kuliko ulivyofunga, sogeza boya juu. Likielea limelala, umezidisha, lishushe. Endelea mpaka ncha peke yake ionekane, inchi moja hivi: chambo chako sasa kinagusa sakafu. Pima pia kulia na kushoto, maana mara nyingi kuna ngazi ambapo kina kirefu kinaanza, na samaki hutembea chini ya ngazi hiyo. Ukishatupa, zamisha ncha ya fimbo, zungusha rili mara tatu nne ili mshipi uende chini ya maji. Upepo ukiushika mshipi uliolala juu, boya litaburutwa na chambo hakitatulia.

Funza atobolewe upande ule butu wenye vidoa viwili vyeusi, ngozi tu. Akipasuka na kutoka maji, mtupe, chukua mwingine. Funza akizunguka, mshipi utajisokota. Kulisha ni haba na haba: funza kumi au kumi na watano kila unapotupa, mahali palepale, hata kama hakuna dalili. Anayemwaga nusu kopo saa ya kwanza amewashibisha samaki, halafu analalamika hawali. Ukirudisha funza aliyenyonywa akabaki ngozi, samaki yupo na umechelewa kuvuta. Tumia ndoano ndogo zaidi au sogeza chubwi ya mwisho karibu zaidi na ndoano.

Samaki akifika ukingoni anapokewa kwa wavu wa mkono. Usimnyanyue kwa mshipi. Wavu uwe usio na mafundo, ndivyo sheria inavyosema, kwa kuwa mafundo yanang'oa magamba. Lowesha mikono na mkeka kwanza, kwani ute wa samaki ndio kinga yake, na mkono mkavu unaufuta. Kitoa ndoano kinasukumwa kufuata mshipi mpaka kwenye ndoano, unasukuma kidogo inaachia. Ikiwa imemezwa mbali, kata mshipi karibu na mdomo, usichimbe. Mrudishe kwa kuzamisha wavu mpaka aondoke mwenyewe. Paiki mwacheni mpaka mfundishwe na anayejua, ana meno yanayotaka waya na koleo ndefu.

Na swali lenyewe mnalongoja: tunaruhusiwa kula? Kwenye mito, sheria inakubali kwa siku samaki wadogo 15 wasiozidi sentimita 20 wa aina zilizotajwa, na paiki mmoja asiyezidi sentimita 65, mradi mwenye maji akubali. Kwenye mabwawa na mifereji, bila ruhusa ya mwenye maji hutoki na hata mmoja. Mkunga hurudishwa popote. Na kwa kweli klabu karibu zote zinakataza samaki yeyote kuondolewa. Tunajua inauma kumwona karpu wa kilo 4 anarudi majini wakati nyumbani wapo wanaomjua wa nazi. Lakini samaki yule klabu imemnunua na ana miaka mingi. Ukimpika, wanachama mia mbili hawatamwona tena. Wa kula yupo sokoni.

Usalama tuupitie upesi. Fimbo za kaboni zinapitisha umeme. Usivue ndani ya mita 30 ya nyaya za juu, na ishushe fimbo unapotembea. Kwenye mifereji kaa mbali na milango ya maji na mashua zilizotia nanga, na usilaze fimbo kwenye njia ya baiskeli. Mkojo wa panya ukingoni huleta leptospirosisi, ile ile iliyopata jina la homa ya mgunda kule Lindi mwaka 2022. Kidonda kifunikwe, na usile mkate kwa mkono uliotoka kwenye funza bila kunawa. Ukipata homa na maumivu ya misuli wiki moja au mbili baada ya kuvua, mweleze daktari kwamba ulikuwa majini.

Jambo la mwisho, hasa miezi ya joto. Mkiona samaki wengi juu ya maji wanahema kwa midomo wazi alfajiri, au maji yamegeuka rangi na kunuka, hewa imekwisha humo ndani au kuna kitu kimemwagwa. Kunjeni mishipi. Pigeni 0800 80 70 60, namba ya Environment Agency, ni bure na inapokelewa usiku na mchana. Watakuuliza ni wapi hasa. Kwenye mfereji, tafuta kibao cha namba kilichopigiliwa kwenye daraja lililo karibu, uwasomee namba hiyo, halafu mpigie katibu wa klabu. Namba yake iko nyuma ya kadi.